Namba ya Mtamba Mwekundu

Kesaobaka Ditsele alipata kazi ya mifugo kwa sababu hakuogopa fahali. Siku ofisi ilipotafuta watu wa kuwanywesha ng'ombe vidonge vya utambulisho, walijitokeza wanane pale kijijini Mogotlhwane, saba kati yao wanaume wa vifua vipana, na fahali mmoja mweusi akawapandisha wote saba juu ya magogo ya zizi. Yeye alibaki chini. Alimbana fahali pua, akamkunja shingo, akapitisha bomba nyuma ya ulimi, kidonge kikashuka. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, binti mmoja wa kusomesha, na mume aliyekwenda migodini akasahau njia ya kurudi.

Kidonge chenyewe kilikuwa cha kauri, kizito, urefu wa kidole cha kati. Ndani mlikuwa na waya uliosokotwa na kidude kidogo kuliko punje ya mtama. Hakikuwa na betri wala taa. Kilikaa tumboni mwa ng'ombe maisha yake yote, kimya, mpaka mtu asogeze fimbo ya kusomea ubavuni. Hapo mawimbi ya redio ya ile fimbo yaliingia tumboni, kidude kikaamka, kikajibu namba yake ya tarakimu kumi na tano, na fimbo ikalia: tii! Kila namba ilikuwa na mwenyewe kwenye kompyuta, boma lake na kisima chake.

"Basi mnawalisha ng'ombe wetu redio, mma?" wazee walimtania miaka ile ya mwanzo, wakimwita mma, yaani bibi, naye akiwaita rra, bwana. "Nikimwekea huyu sikio ubavuni nitapata taarifa ya habari?"

"Utapata, rra, lakini ni ya Gaborone tu. Ukitaka ya London mlishe viwili."

Watu walimpenda. Miaka kumi na minne ilipita akizunguka maboma na fimbo yake.

Ndipo akaja Daktari Bonyana kutoka chuoni, msichana mwembamba mwenye kofia kubwa, akifanya utafiti. Serikali ilikuwa ikihama kutoka vidonge kwenda hereni, yaani kile kidude kinabandikwa sikioni badala ya kukaa tumboni, na Bonyana alitaka kujua kipi kinadumu zaidi porini. Hereni hung'oka kwenye miiba, lakini ni rahisi kuzisoma. Kidonge hakipotei, ila kukishusha kooni ni kazi ya jasho. Walichagua ng'ombe mia tatu wachanga ambao hawajapigwa chapa ya moto, ili kila mmoja apewe vyote viwili, kisha wafuatiliwe kwa miezi kumi na minane. Kesaobaka ndiye aliyepewa kuwaandikisha.

Miongoni mwao walikuwamo wa kaka yake Moagi, na wa Mma Tshukudu, mjane mwenye boma upande wa pili wa bonde. Mwendo wa saa mbili kwa miguu uliyatenganisha maboma hayo, lakini kichochoro cha kubania ng'ombe kilikuwa kimoja tu, na siku hiyo ya Oktoba makundi yote mawili yaliletwa hapo kwa pamoja. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo. Wachungaji walichoka kuwatenganisha, ng'ombe wakaingia wamechanganyika, na katikati ya kazi mashine ya mkononi iliyopokea namba za fimbo na kuziandika ikazimika. Betri ilikuwa imekwisha. Kesaobaka hakutaka kuwarudisha watu kwao na kuwaita tena kesho. Alitoa karatasi, akachora mstari katikati, akaandika kwa kalamu namba zilizoonyeshwa na fimbo, za ng'ombe kumi na wanne wa mwisho: za Moagi kushoto, za Mma Tshukudu kulia.

Siku tatu baadaye aliziingiza kwenye kompyuta. Hesabu ikagoma. Mma Tshukudu alikuwa na ng'ombe ishirini na wawili, kila mtu alijua, lakini kompyuta ilimwonyesha ishirini na watatu. Moagi alikuwa na arobaini na mmoja, kompyuta ikampa arobaini. Ng'ombe mmoja wa kaka yake alikuwa ameandikwa kulia. Yupi? Kesaobaka aliikodolea macho ile karatasi, yenye alama za vidole na kinyesi. Jambo la haki lilikuwa kurudi bondeni na fimbo na kuwasoma upya. Gari halikuwa na mafuta, na Bonyana alikuwa akisubiri orodha. Akachagua namba moja aliyoona imeandikwa kwa haraka zaidi, akaihamishia kwa Moagi, hesabu ikakaa sawa. Alifunga kompyuta akijiambia kwamba atakwenda kuhakikisha wiki ijayo.

Hakwenda. Kwanza mvua, kisha harusi ya binamu, kisha chanjo. Mara kwa mara akiwa anasonga ugali wa bogobe jikoni jambo lile lilimjia, mwiko ukasimama, halafu akalisukuma kando.

Jumatatu moja ya Machi, Daktari Modukanele, mganga mkuu wa mifugo wa eneo lile, alifika na magari mawili. Hakusalimia watu kwa kawaida yake ya kuuliza habari za watoto. Askari wa doria walimkuta mtamba mwekundu upande wa pili wa uzio wa mifugo, huko kwenye nyati, ambako tembo waliangusha nguzo. Alikuwa akichechemea, udenda ukimwagika, ulimi umetoka malengelenge. Hereni haikuwepo, sikio lilikuwa limechanika tu. Chapa hana. Walimsogezea fimbo ubavuni, kidonge kikajibu. Walimwua palepale na kupeleka vipimo Gaborone.

"Ugonjwa wa miguu na midomo," Modukanele alisema, kama mtu anayetaja jina la marehemu. "Majibu kamili yatakuja Alhamisi. Yakiwa ndiyo, kundi alilotoka litauawa lote. Namba ni ya Mma Tshukudu."

Kesaobaka alinyosha mkono. Aliomba aione namba. Alizitazama tarakimu nne za mwisho, saba saba moja tatu, na mara akaiona ile karatasi mbele ya macho yake, upande wa kulia, mstari wa tano. Ilikuwa mojawapo ya zile kumi na nne.

Walikwenda kwa mjane mchana huohuo. Walisimama nje ya lango, wakafunga utepe, wakaweka beseni la dawa ya kusafishia viatu. Mma Tshukudu alitoka na kanga mabegani, mdogo wa umbo, akiwa na bakuli la maziwa ya mgando, madila, mkononi.

"Mtamba gani mwekundu?" aliuliza. "Mimi nina wekundu watatu, wote wale pale wanacheua. Nihesabieni wenyewe. Ishirini na wawili."

"Ndiyo tatizo, mma," Modukanele alisema kwa upole. "Mashine inasema ulikuwa na ishirini na wawili. Mmoja tumemwua. Unatakiwa ubaki na ishirini na mmoja. Basi kuna mmoja hapo hukumwandikisha."

"Unaniita mwongo kwenye lango langu, rra?"

"Nasema kompyuta—"

"Kompyuta imewazalisha hawa? Mimi ndiye niliyewavuta kwa mikono hii. Yule ni Nkganang, yule mamaye ni Thamaga, aliyezaa siku ya mazishi ya mume wangu." Alimgeukia Kesaobaka. "Binti Ditsele, wewe uliwaandika. Waambie basi."

Wote walimtazama. Kesaobaka alisogeza beseni la dawa kwa mguu.

"Nitaangalia kumbukumbu, mama," alisema.

"Angalia, mwanangu. Angalia vizuri."

Ndani ya gari alijaribu. "Daktari, kwa nini tusiwapitishe kichochoroni tukawasoma mmoja mmoja?"

"Wakiwa wagonjwa? Nikiwabanisha pale watapakana udenda wote. Siwagusi mpaka majibu yatoke." Alimtazama kidogo. "Kuna shaka na orodha?"

"Hapana. Nauliza tu."

Akageuza uso dirishani.

Kesho yake mchana alikuwa ofisini peke yake, orodha mbele yake, akizisoma namba zilezile mpaka zikapoteza maana, simu ikalia. Alikuwa Moagi, akipigia kutoka kwenye kichuguu kile kimoja cha boma lake chenye mtandao.

"Mdogo wangu, hujambo? Sikiliza, nyie mnaozunguka. Kuna mtamba wangu mwekundu, yule mwenye doa jeupe pajani, wiki mbili sasa sijamwona. Anakwenda anarudi, anakwenda anarudi, safari hii kakwenda moja kwa moja. Hamjamkuta mahali?"

Kesaobaka aliketi. Hakujua kwamba alikuwa amesimama.

"Doa jeupe paja lipi?"

"La kushoto. Mbona sauti yako hivyo?"

Picha za askari wa doria zilikuwa kwenye meza. Paja la kushoto. Doa jeupe, umbo la haragwe.

"Kesa? Upo?"

"Nipo, kaka. Ng'ombe wengine hali zao vipi?"

"Wazima. Wawili watatu wanachechemea, kwato tu hizi, matope. Na mmoja kagoma kula tangu jana." Moagi hakuwa mjinga. Habari za mtamba wa mjane zilikwishafika kila kisima. "Kesa. Yule waliyemwua. Si walisema wa Mma Tshukudu?"

"Kompyuta imesema hivyo."

"Basi."

"Kaka, aliyeiambia kompyuta ni mimi. Nadhani nilikosea."

 Moagi alizungumza polepole, kama anayemtuliza ng'ombe kabla ya kumfunga kamba.

"Sikiliza. Nina arobaini hapa. Hawa ndio ada ya mwanangu Tebogo. Hawa ndio mahari ya mwanangu mkubwa. Hawa ndio baba alituachia, mimi na wewe, wewe pia. Yule mama hana mtoto. Serikali itamlipa, atakaa kwa dadaye mjini. Mashine imeshasema. Iache iseme."

"Na wanaochechemea?"

"Nimekwambia ni matope."

"Moagi, kama si matope, ugonjwa utabaki kwako. Watamwulia mama yule ng'ombe wake wazima, halafu wako wataambukiza kisima kizima. Bonde lote."

"Umekuwa daktari siku hizi? Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ulipougua surua. Leo unataka kunibeba vipi?"

Alikata simu.

Mchana ule wote Kesaobaka hakufanya kazi yoyote. Alifuta meza iliyokuwa safi. Alichaji betri zilizokuwa zimejaa. Gari lilipopita nje alishtuka, akidhani ni Modukanele. Alijiambia kwamba huenda majibu yatakuwa hapana, na kama ni hapana, kwa nini afungue mdomo bure na kupoteza kazi? Kisha alikumbuka yule aliyegoma kula. Alijaribu kumpigia kaka yake mara nne. Hakupokea. Alipofika nyumbani binti yake alimwandalia nyama ya kutwangwa, akaitazama kama mchanga.

Jumatano asubuhi alimsubiri Modukanele mlangoni mwa ofisi. Daktari alikuwa bado hajazima gari aliposogea dirishani.

"Rra, mtamba yule si wa Mma Tshukudu. Ni wa kaka yangu."

Alimweleza yote: betri, karatasi, mstari wa katikati, ile namba moja aliyoihamisha kwa kukisia, simu ya Moagi, wanaochechemea. Alisema kwa haraka, kama anayetapika na anataka kumaliza. Modukanele alizima injini, mikono ikabaki kwenye usukani.

"Ulijua tangu lini?"

"Kwamba ni wa Moagi, tangu jana mchana. Kwamba orodha ina kasoro, tangu Oktoba."

"Oktoba." Alitikisa kichwa. "Na juzi nilikuuliza. Na jana mchana, kwa nini hukusema jana mchana?"

"Ni kaka yangu, rra."

Daktari akateremka. "Chukua fimbo," alisema. "Tunaanza kwa mjane. Nataka ushahidi, si hadithi. Mmoja mmoja, kwa nafasi, na baada ya kila mmoja tunajisafisha kwa dawa."

Walivaa maovaroli, wakazamisha viatu kwenye beseni. Mma Tshukudu aliwaita ng'ombe wake kwa majina na wakaja wenyewe, kwa utaratibu uliowashangaza askari waliokuja nao. Hakuna aliyetoa udenda. Kila ulimi ulikuwa laini na wa waridi. Kesaobaka alisogeza fimbo, tii, akasoma kwa sauti ya juu, Modukanele akalinganisha na orodha. Wa kwanza, sawa. Wa tano, sawa. Wa kumi na moja, sawa.  Aliogopa asipate kitu, na aliogopa apate.

Wa kumi na saba alikuwa Nkganang. Tii.

"Rudia," Modukanele alisema.

Alirudia. Daktari alipitisha kidole kwenye orodha ya mjane, juu hadi chini, kisha akafungua ukurasa mwingine.

"Huyu ameandikwa kwa Moagi Ditsele," alisema.

"Huyu?" Mma Tshukudu alifoka. "Huyu nimemnyonyesha kwa chupa!"

"Ndiyo, mma," Modukanele alisema. "Tumeelewa sasa. Wewe ulisema kweli."

Mjane alimgeukia Kesaobaka. "Kwa hiyo ungenimalizia boma langu kwa namba moja."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshukuru umesema. Lakini mtu anayenitoa shimoni alilonichimbia mwenyewe, sijui nimwite nani." Akachukua bakuli lake, akaingia ndani.

Walifika kwa Moagi kabla ya saa sita. Alikuwa ameketi kwenye kigogo langoni, kama aliyewatarajia. Hakumtazama dada yake. Modukanele alikagua midomo. Kufikia wa tisa alikuwa amekwishapata watatu wenye malengelenge. Kwa jumla walikuwa kumi na mmoja. Alhamisi majibu ya Gaborone yalithibitisha.

Ng'ombe waliuawa Ijumaa. Kwa sheria kila mmoja alitakiwa asomwe namba kabla ya risasi, ifutwe kwenye kompyuta, na fidia iandikwe. Modukanele alimwambia Kesaobaka kwamba angeweza kuomba mtu kutoka Maun, afike mchana.

"Mpaka mchana watakuwa wamesimama juani wakiteseka," Kesaobaka alijibu. "Nitasoma mimi."

Alisoma wote arobaini. Kila namba aliisoma mara mbili. Moagi alikaa nyuma ya tangi la maji, amewapa mgongo, na kila mlio wa bunduki mabega yake yalipanda kidogo na kushuka. Alipofika kwa yule maksai mzee mweusi ambaye baba yao alimfundisha kuvuta mkokoteni, Kesaobaka alisimama. Maksai alimlamba kiganja, kama alivyozoea, kwa ulimi uliokwishachubuka. Tii. Alisoma namba, sauti ikakatika katikati, akaanza upya mpaka akaimaliza.

Bonde lilifungwa miezi saba. Kila alipoona ng'ombe amelala upande Kesaobaka alikimbia kwenda kumfungua mdomo, na kila simu ya asubuhi aliipokea kabla haijalia mara ya pili. Lakini ugonjwa haukuvuka boma la Moagi. Ng'ombe wa visima vya jirani walikaguliwa mara sita, hawakuwa na kitu.

Alipewa barua ya onyo na akaondolewa kwenye utafiti. Daktari Bonyana alimpigia simu mwenyewe.

"Mma, kwenye ripoti yangu lazima niandike kosa lile. Sitataja jina."

"Andika. Taja na karatasi. Wasomao wajue."

"Unajua kuna jambo?" Bonyana alisema. "Kati ya mia tatu, hereni thelathini na nane zimepotea. Vidonge, hakuna hata kimoja. Kama yule mtamba angekuwa na hereni tu, tusingejua kabisa ametoka wapi."

"Na kwa kidonge tulijua vibaya," Kesaobaka alisema, "kwa sababu ya kalamu yangu."

Moagi hakuzungumza naye. Kwenye mazishi ya shangazi yao alikaa ng'ambo ya pili ya hema. Fidia ilimlipia Tebogo ada, lakini mwanaye mkubwa aliahirisha ndoa. Mkewe ndiye aliyepitisha salamu huku na huku, nusu nusu.

Mwaka uliofuata, ruhusa ya kufuga ilipotoka, Moagi alinunua mitamba kumi na wawili. Angeweza kumwita mwandikishaji wa kijiji kingine. Alituma ujumbe ofisini, maneno manne: aje yule yule dada.

Kesaobaka alikwenda na mashine mbili. Walifanya kazi asubuhi nzima bila kuambiana zaidi ya "shika" na "achia". Baada ya kila ng'ombe alimpa kaka yake mashine.

"Isome wewe."

"Si umeshaisoma?"

"Isome, kaka. Nisikie."

Moagi alivaa miwani yake iliyofungwa waya, akasoma tarakimu zote kumi na tano, polepole, moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Walipomaliza wa kumi na mbili alimrudishia mashine na kufuta jasho.

"Mama Tebogo kapika," alisema, akitazama kwingine. "Usiondoke na njaa."

Kesaobaka aliketi akala. Hakuna aliyetaja mambo ya Machi. Aliporudi kwenye gari alifungua orodha, akahesabu tena: kumi na wawili. Alifika barabara kuu, akasimamisha gari pembeni, akahesabu mara nyingine.